Ceddo (1977): filamu iliyofungiwa kwao Senegali kwa kosa la herufi moja

Mpenda Turubai (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta. Mada inagusa dini, na humu dini ikitajwa tu watu wanaanza kukunja mikono ya shati. Naomba usome hadi mwisho ndipo upige. Nitakuwepo, siendi popote.

Nazungumzia Ceddo, filamu ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1977. Inatamkwa "cheddo", kwa kuwa c ya Kiwolofu ni ch yetu, na hiyo d ni mbili: unaikanyaga kidogo, kama Waganda wanavyokanyaga konsonanti zao. Iwekeni akilini hiyo d ya pili. Ina kesi yake huko mbele.

Ukisikia "filamu ya zamani ya Kiafrika kuhusu utumwa" unajua kabisa unachokwenda kuona: meli, minyororo, mzungu na mjeledi, kilio, zumari la huzuni. Humu hakuna meli. Mzungu yumo, tena wawili, ila kwa karibu saa mbili hawasemi kitu. Wanaosema ni Waafrika, wanabishana wao kwa wao juu ya Mungu, urithi, na nani ana haki ya kumwita nani kwa jina gani. Na huku wakibishana, pembeni watu wanafungwa kamba na kupigwa chapa ya moto kama ng'ombe. Baraza linaendelea.

Kisa ni hiki. Ni ufalme wa Kiwolofu, karne ya 17 au ya 18 hivi. Sembène hataji mwaka na amefanya makusudi. Mfalme Demba War amesilimu, na wakubwa wake wamemfuata. Imamu ana wanafunzi wake, kila siku wanaongezeka. Mfanyabiashara wa Kizungu ana banda lake: bunduki, vitambaa, pombe. Hapokei dhahabu wala nafaka, anapokea binadamu. Padri naye ana kijikanisa ambacho hakijai. Na wamo ceddo, raia waliogoma kusilimu. Hao ndio wanaotozwa, ndio wanaokamatwa usiku na kuuzwa bandani.

Siku moja ceddo mmoja anamteka binti mfalme, Dior Yacine, anakwenda naye porini. Hataki fidia. Anataka watu wake waachwe na imani yao, wasiuzwe. Anatandika kamba chini, anamwambia binti: usivuke hapa. Basi hilo ndilo gereza lake, kamba iliyolala mchangani.

Sehemu kubwa inayofuata ni baraza. Na hapa ndipo wengi wanaizima. Nawaomba msiizime. Msemaji wa ceddo anakuja na samp, fimbo inayochomekwa ardhini mbele ya mfalme kuonyesha kwamba kuna shauri na halitaondoka mpaka lijibiwe. Hakuna anayezungumza na mfalme moja kwa moja. Maneno yanapita kwa mkubwa wa baraza, Jaraaf, naye ndiye anayeyapokea na kuyafikisha. Mtu anatupa methali, mwenzake anaidaka na kuirudisha na nyingine. Ukiwa umewahi kukaa kwenye kesi ya ukoo, wazee wamejipanga kivulini, utaijua hii ladha. Hakuna anayefoka, na kila sentensi ina kisu ndani.

Watu watatu wanagombea haki ya kwenda kumkomboa binti. Biram, mtoto wa mfalme. Madior, mpwa wa mfalme kwa dada yake. Na Saxewar, shujaa aliyeahidiwa kumuoa. Sikilizeni hoja ya Madior. Kwa mila za kwao kiti kinapita upande wa mama, mpwa anamrithi mjomba. Sasa mfalme amesilimu, na kwa sheria mpya mtoto anamrithi baba. Kwa hiyo kusilimu kwa mjomba kumemvua Madior ufalme bila mtu kumgusa. Anasimama pale barazani akiwa Mwislamu, anagundua kwamba dini aliyoipokea ndiyo iliyomfukarisha. Anaitupa. Mimi nasema hicho ni kipande kikali kuliko mapigano yote ya ile filamu, na ni mtu amesimama tu anaongea.

Imamu naye, kwenye baraza hilohilo, hamwiti mfalme kwa cheo. Anamwita Demba War, basi, kama angemwita mchunga mbuzi. Kwake mfalme ni Mungu peke yake. Wenye baraza wanakereka, lakini mfalme mwenyewe ananyamaza, na kile kimya ndicho kinachomuuza. Sembène hajapiga risasi hata moja na tayari umeona dola inabadilisha mkono.

Biram anakwenda porini na bunduki, anarudishwa maiti. Saxewar anakwenda na mbwembwe zake zote, naye yaleyale. Mfalme anakufa usiku. Asubuhi tunaambiwa ameumwa na nyoka. Nani alimwona huyo nyoka? Kamera haikumwona. Imamu anakalia kiti.

Nitaendelea. Chai kwanza.

Kiti cha Nyuma

Naweka mkeka hapa. Mkuu usituachie njiani kama ule uzi wako wa mwaka jana.

Jicho la Tatu

Swali dogo. Hao wazungu hawasemi kweli au ni wewe unatia chumvi? Filamu nzima?

Mpenda Turubai

@Jicho la Tatu, chumvi sitii. Padri na mfanyabiashara hawana mazungumzo. Wanatazama, wanasubiri, wanapokea. Nimefikiria sana kwa nini, nikaishia hapa: mfanyabiashara hana haja ya kumshawishi mtu. Wanaogombana watamletea wenyewe. Anayeshinda barazani atahitaji bunduki zaidi, na anayeshindwa ndiye malipo. Hata ceddo wanapokaa kujadili namna ya kujihami, wanafika palepale: bunduki ziko kwa mzungu, na mzungu anataka watu. Sasa utawauza wa kwako ili uwaokoe wa kwako? Lile banda halina mlango wa kutokea.

Naendelea.

Kwenye hii filamu kuna vitu viwili vilivyowakera hata waliompenda Sembène, na ndivyo vinavyonifanya niiweke kwenye kundi la sinema zinazovunja kanuni makusudi, si filamu ya historia ya kawaida.

Cha kwanza ni muziki. Aliupiga Manu Dibango wa Kameruni, yule wa saksafoni. Ungetegemea ngoma na kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi. Unachosikia ni vinanda na ala za miaka ya sabini, na wakati chuma cha moto kinagusa nyama ya mateka, inaingia kwaya ya injili ya Wamarekani Weusi. Tafakari hapo. Yule mtu anapigwa chapa pwani ya Senegali karne ya 18, na wimbo unaomlilia ni wa vitukuu vyake ambao hawajazaliwa, ng'ambo ya bahari, wakiimba kwa lugha watakayofundishwa na aliyewanunua na kwa dini ya yule padri aliyekaa pembeni. Hakuna mtu anayeeleza chochote. Wimbo unaingia, unaisha, tunarudi barazani. Mara ya kwanza nilidhani faili langu limeharibika limechanganya sauti. Si utani.

Cha pili ni ndoto ya padri. Yuko na waumini wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, mara picha inaruka mamia ya miaka mbele: misa kubwa ya Kikatoliki, makasisi ni Waafrika, waumini Waafrika, nguo za siku hizi, kila kitu kimekamilika. Halafu tunarudishwa. Padri yuleyule mpweke. Yaani alichokuwa akisubiri kimya kimya kilikuja, kwetu sisi tunaotazama kimeshakuwa jana. Wale wanaosema Sembène aliushambulia Uislamu peke yake, hapo huwa wanakohoa.

Sasa kile kipande cha majina. Imamu ameshakalia kiti. Ceddo wamezidiwa, wengine wameuawa, waliobaki wamekalishwa mstari. Mmoja mmoja ananyolewa kipara, anapewa jina jipya, anaondoka. Mwingine anakaa. Wembe, jina, ondoka. Hakuna anayepigwa kwenye kipande hicho. Ni kazi ya ofisini kabisa, kama kujiandikisha. Na katika wale wanaonyolewa, mmoja ni Sembène mwenyewe. Mwongozaji amejitia mstarini, ananyolewa na wahusika wake. Sembène mwenyewe nje ya filamu anaitwa Ousmane, jina la khalifa wa tatu. Amezaliwa nalo, babake alikuwa nalo la aina hiyo, na hapa anatuonyesha siku ya kubuni ambayo jina la namna hiyo lilimwingia mtu wa ukoo wake. Sioni kama anasema jina ni baya. Naona anauliza lilikuja na risiti gani.

Na mwisho. Waliotumwa na imamu wanamuua yule mtekaji kule porini, binti anarudishwa nyumbani kama ushindi. Anashuka, anawakuta watu wake na vipara. Anapita katikati yao, ananyakua bunduki, anamlenga imamu sehemu za siri, anafyatua mbele ya wote. Halafu anaondoka, picha inaganda kwenye uso wake.

Uzi tayari. Karibuni.

Mswalihina

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nakupongeza kwa uandishi. Sasa na mimi unisome mpaka mwisho.

Mimi filamu hii niliiona na iliniuma. Si kwa sababu imamu amepigwa risasi, filamu ni filamu. Iliniuma kwa sababu inageuza historia miguu juu kichwa chini. Nenda kasome ya bonde la Mto Senegali. Mwaka 1673 alitoka Nasir al-Din upande wa Mauritania ya leo, akavuka mto, akawahubiria watu wa falme za kule, Futa Toro, Waalo, Jolof na Kajoor, kwamba mfalme hana haki ya kuwapora na kuwauza raia wake. Wananchi walimfuata kwa maelfu na wafalme wakang'olewa. Nani aliwasaidia wafalme kurudi? Wafaransa wa Saint-Louis, ngome waliyoianzisha mwaka 1659, kwa kuwa biashara ya watumwa ilikuwa inakatika.

Baada ya miaka mia, Futa Toro, mwaka 1776 anachaguliwa Abdul Kader Kan kuwa Almamy, yaani imamu mtawala. Huyo naye akawazuia Wafaransa kupitisha watumwa wa Futa mtoni. Viongozi wa dini hao! Sasa Sembène anatuletea imamu asiye na tone la huruma, na raia wema wa mila.

Na hao ceddo wenyewe? Katika falme za Waolofu, Kajoor hasa, ceddo walikuwa askari watumwa wa mfalme. Nywele ndefu, pombe mkononi, bunduki begani. Ndio waliokuwa wakivamia vijiji usiku, wanakamata wakulima, wanakwenda kuwauza. Wakulima wengi walikimbilia kwa mashehe kutafuta hifadhi dhidi ya ceddo. Dhidi ya ceddo, mkuu. Haya, nijibu.

Kitabu Wazi

Nakazia kwa Mswalihina upande wa historia. Boubacar Barry, mwanahistoria wa Senegambia, ameeleza vizuri jinsi biashara ya Atlantiki ilivyozigeuza dola za kule kuwa mashine za kuvamia watu, na jinsi Uislamu ulivyokuwa kimbilio la wanyonge. Nongeze tu kwamba neno ceddo lina maisha marefu. Kwa Wafula (Wafulani) lilikuwa jina la mtu asiye Mfula. Kwa Waolofu likawa askari wa mfalme. Baadaye likawa mtu yeyote asiyeingia dini, mkaidi. Sembène amechukua hiyo maana ya mwisho na kuivisha maana ya kisiasa anayoitaka yeye: watu wa kukataa.

Ila Mswalihina naye asitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Abdul Kader alizuia kuuzwa kwa watu wa Futa, Waislamu. Wasio Waislamu habari yao ilikuwa nyingine. Na mwaka 1796 alipokwenda na jeshi Kajoor kuwasilimisha kwa nguvu, alipigwa vibaya akatekwa na Damel (mfalme wa Kajoor) Amari Ngone. Kwa hiyo imamu anayetaka kusilimisha kwa mtutu hakutoka hewani.

Mpenda Turubai

@Mswalihina, sikupingi. Ceddo wa kihistoria na ceddo wa Sembène si watu walewale, na mtu akiitazama hii filamu kama kitabu cha historia cha darasani atatoka na historia mbovu. Hilo nilipaswa kuliandika kwenye posti ya kwanza, nimeliacha kwa uvivu. Nakubali kibano.

Tunapoachana ni hapa. Wewe unasema amegeuza historia, kwa hiyo amedanganya. Mimi nasema alikuwa anaongea na watu wa mwaka 1977. Angalia aliyokuwa akiyaona. Senegali ina wakuu wa tarika, yaani vyama vya Kisufi vya Kiislamu, wenye nguvu, Wamuridi na Watijani, ambao wanasiasa wa Dakar wanawapigia magoti kupata kura. Simulizi ya taifa inasema Uislamu ni wetu wa asili, Ukristo ulikuja na mkoloni, utumwa ulikuwa wa wazungu, kwisha. Yeye anakuja kuuliza kitu kimoja tu: kabla ya yote hayo mlikuwa nani, na nani aliwaambia msikumbuke? Kuuliza hivyo kwenye nchi ambayo walio wengi kabisa ni Waislamu kunahitaji moyo wa jiwe. Ametia chumvi? Ametia gunia.

Ila kuna kosa ambalo wewe hukulitaja na mimi linanikera zaidi: imamu wake hana hata kipande kimoja ambamo tunamwona akimwamini Mungu wake. Mfalme ana aibu, Madior ana uchungu, hata padri ana ndoto. Imamu ana mpango tu. Mtu wa namna hiyo angewavutaje watu wote wale? Hao wanafunzi wake wanamfuata kwa nini? Wakulima uliowataja wewe, waliokimbilia kwa shehe kwa sababu nyumba zao zilichomwa, ndio wangekuwa jibu, na Sembène hakuwapa hata sentensi. Kama angewapa, filamu ingeuma mara mbili, maana ingebidi tumwonee imamu huruma kabla ya risasi.

Mswalihina

Hapo umesema. Hicho ndicho nilikuwa natafuta maneno yake. Sikuumia kwa sababu imamu ni mbaya. Niliumia kwa sababu ni mbaya wa bure.

Kiti cha Nyuma

Jamani mnajadiliana vizuri mpaka naogopa. Huyu Sembène alikuwa Mkristo?

Mpenda Turubai

Hapana mkuu. Alizaliwa Ziguinchor, Casamance, mwaka 1923, familia ya Kiislamu, baba mvuvi. Shule aliachia njiani. Alipigana vita vya pili vya dunia katika jeshi la Ufaransa, baadaye akawa kuli bandarini Marseille, huko ndiko alikoingia vyama vya wafanyakazi na ukomunisti, akaanza kuandika riwaya. Alikuwa ameshakaribia miaka arobaini alipogundua kwamba watu anaowaandikia hawasomi Kifaransa, akaenda Moscow kusomea filamu. Amefariki Dakar mwaka 2007. Kwa hiyo mtu aliyeitengeneza Ceddo amebeba magunia mgongoni. Mimi nadhani ndiyo maana anaona bei ya kila kitu. Kwenye filamu zake mtu akitaja Mungu, kamera inatafuta mkono uko mfukoni mwa nani.

Bi Mkubwa wa Pwani

Wanangu mmeongea yote ila yule binti mmempita kama mlingoti. Kaka mwanzisha uzi, umetaja risasi yake kwa sentensi moja.

Mimi nilimtazama yeye tu. Mwanzoni ana dharau, anamwona mtekaji kama mtumwa. Anajaribu kumzuga, anajaribu kumpokonya silaha, haiwi. Halafu kuna mahali anajiona fikrani mwake akimpelekea maji yule bwana, kwa adabu kama mke. Haikutokea, ni mawazo yake. Ndipo nikajua huyu msichana ameshavuka ile kamba, ingawa mguu haujavuka. Barazani wanaume wanagombea nani ana haki naye, mara mtoto wa mfalme, mara mchumba, mara mpwa, na imamu naye anamhitaji ili kiti chake kihalalike. Hakuna aliyemuuliza. Yule mteka nyara ndiye pekee aliyekaa naye akamweleza kwa nini.

Na mlipokuwa mnasema risasi ile ni tusi kwa dini, mimi nilisema moyoni, tusi gani? Yule mtu anataka kumuoa ili azae wafalme. Binti amelenga palipokuwa na madai. Siku zote za baraza hakuwepo, amerudi ametoa jibu lake.

Jicho la Tatu

Bi Mkubwa ametuvua nguo mchana kweupe.

Mpenda Turubai

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimefunga mdomo. Nilichokosea ni kwamba nami nimekaa barazani na wanaume nikasahau porini kuna mtu.

Nongeze kidogo tu kwa ulichosema. Watu wazima wote wa baraza lile wanaongea kwa kupitishiwa na Jaraaf, maneno yanatoka mkono hadi mkono. Risasi ya binti ndiyo jambo la kwanza kwenye filamu linalomfikia mwenye mamlaka bila mpambe.

Tarishi

Mimi niseme ukweli nisije nikaonekana msomi. Niliianza, dakika ya arobaini nikasinzia. Watu wamesimama, wanaongea, kamera iko mbali, haisogei. Nikasema hii si sinema, hii ni mkutano wa kijiji.

Mpenda Turubai

Ndiyo, ni mkutano wa kijiji! Usitukane, umeielewa kuliko wanaoisifia. Kamera inasimama mbali kwa sababu yeyote anayesema anasema mbele ya wengine, na Sembène anataka uwaone wanaosikiliza. Akimsogelea msemaji utamwona yeye, utakosa yule mzee wa nyuma aliyeinamisha kichwa. Ukiirudia, chagua mtu mmoja asiyesema, mtazame yeye tu dakika kumi. Kama bado utalala, lala, hakuna mtihani.

Ila sitetei kila kitu. Mapigano ya porini ni dhaifu. Mtu anachomwa mshale anaanguka kama gunia la mkaa lililosukumwa. Na Saxewar analingishwa muda mrefu kwa kazi ndogo.

Kitabu Wazi

Hukutuambia ya herufi.

Mpenda Turubai

Ndiyo, ile kesi ya d.

Rais wa Senegali wakati huo ni Léopold Sédar Senghor. Mshairi, Mkatoliki, mtu wa sarufi kwelikweli; baadaye Wafaransa wakamwingiza kwenye chuo chao cha lugha, Académie française. Serikali yake ilikuwa imeweka kanuni za kuandika lugha za nchi, na kwa mujibu wa kanuni hizo neno linatakiwa liandikwe cedo, d moja. Sembène akasema Waolofu wanatamka mbili, mimi naandika mbili. Katika Kiwolofu konsonanti kukazwa au kutokazwa kunaweza kukupa neno jingine, kwa hiyo haukuwa ubishi wa kitoto. Akaambiwa aondoe d moja filamu ionyeshwe. Akakataa. Ikafungiwa.

Yaani filamu inayoonyesha watu wakibadilishwa majina kwa lazima imefungiwa kwa sababu mwenyewe amekataa kubadilisha jina lake. Sembène angeandika hivyo kwenye mswada tungesema amezidisha.

Watu wengi wanaamini d ilikuwa kisingizio, na kilichomwogopesha Senghor ni mashehe wakubwa, yeye akiwa Mkatoliki juu ya taifa la Waislamu. Naamini hivyo pia, ila si kwa asilimia mia. Senghor alikuwa mtu wa kugombana kuhusu herufi kikwelikweli. Cheikh Anta Diop, mwanachuoni mpinzani wake, alianzisha gazeti likiitwa Siggi, g mbili, nalo likaletewa shida hiyohiyo mpaka likabadilishwa jina kuwa Taxaw. Mtu akiwa na mamlaka na kamusi mkononi kwa wakati mmoja, usicheze naye.

Mwaka huohuo 1977 filamu ilionyeshwa Cannes. Wafaransa waliiona kabla ya watu wa Dakar.

Mswalihina

Kumbe. Hii ya d nilikuwa siijui. Imamu na rais wametumia wembe mmoja.

Tarishi

Basi nitairudia wikendi. Nani ana ile Cedo yenye tafsiri ya chini inayosomeka?

Mpenda Turubai

Andika vizuri kwanza, ndipo uombe.

Tarishi

Nimeandikaje?

Kiti cha Nyuma

😂😂 Umekula d ya watu. Senghor amefurahi huko aliko.

Tarishi

Ceddo. Ceddo. Ceddddo. Haya, nipeni.